Konokono-Pia Mezani Kisumu: Umtambue kwa Kombe, Simu, Jino au DNA?

Maabara za shule zetu za magharibi hazikosi sanduku la makombe ya pwani. Mengine yaliletwa na wanafunzi waliokwenda ziara Mombasa, mengine yalinunuliwa kwa wachuuzi wa ufuoni, na machache sana yana karatasi inayosema yalitoka wapi. Kati ya simbi na vipande vya matumbawe humo ndani, mara nyingi kuna kombe lenye umbo la pia: pana upande wa bega, likichongoka kuelekea upande wa pili, na mdomo mwembamba uliokwenda urefu wote. Huyo ni konokono-pia, wa jenasi Conus. Spishi zake zinazojulikana duniani zimepita 900, na nyingi zinafanana kiasi cha kumchosha hata mtu aliyezisoma miaka.

Mwalimu wa Kisumu au mwanafunzi wa chuo pale Maseno au Egerton anayetaka kumwandikia lebo ana njia nne: kulisoma kombe lenyewe, kupiga picha na kuuliza kwenye programu ya simu, kulitazama jino kwa hadubini, au kupeleka nyama maabara ikasomwe DNA. Wengi huuliza ipi ni bora kabla ya kuuliza sampuli yao inaruhusu ipi. Ninavyoona mimi, hali ya sampuli huamua mapema kuliko pesa. Kombe tupu lililokaa kabatini miaka ishirini halina jino la kutazamwa, hata ukiwa na hadubini nzuri kuliko zote mkoani.

Tutapima kwa nini

Kila njia nimeiuliza maswali manne yaleyale. Inataka nini, kwa upande wa sampuli na kwa upande wa vifaa? Jibu lake linafika wapi: jenasi, kundi la spishi zinazofanana, au spishi yenyewe? Huteleza wapi? Na inamfaa nani? Sikuweka bei, kwa sababu bei za maabara hubadilika na chuo kimoja hakilipishi sawa na kingine.

Kabla ya hapo kuna mambo mawili ambayo hayana mjadala.

La kwanza ni usalama. Konokono-pia akiwa hai hashikwi kwa mkono, hata kwa upande mpana ambao watu husema ni salama. Mkonga wake hunyooka na kujipinda kufikia sehemu kubwa ya kombe, na jino lake ni chusa lenye tundu ndani linalopitisha sumu. Conus geographus, ambaye yupo katika bahari yetu ya Kenya, ndiye anayehusishwa na vifo vingi vya watu kuliko konokono-pia mwingine yeyote. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini haipo. Anachofanya daktari ni kumsaidia mgonjwa kupumua hadi sumu iishe nguvu. Kombe tupu halina hatari, ila hakikisha ni tupu kweli, maana mwenyewe anaweza kuwa amejivuta ndani kabisa.

La pili ni sheria. Ndani ya hifadhi za baharini kama Malindi, Watamu na Kisite hairuhusiwi kuokota makombe, hata matupu. Anayehitaji sampuli mpya kwa utafiti aombe kibali. Shule yenye sanduku la zamani ilitumie hilohilo. Lina kazi ya kutosha.

Ziwa letu, Viktoria, kwa wale wanaoanza kujiuliza, halina konokono-pia. Hawa ni wa maji ya chumvi peke yake. Konokono wa Nam Lolwe, yaani ziwa hilohilo, tunaowasikia hospitalini, Biomphalaria na Bulinus wanaobeba vimelea vya kichocho, ni wa ukoo wa mbali kabisa na huu.

Njia ya kwanza: kulisoma kombe

Inataka vitu vichache: rula au kalipa, kioo cha kukuzia, mwanga wa dirishani na kitabu chenye picha za spishi za Bahari ya Hindi. Sampuli inaweza kuwa kavu, tupu, hata ya miaka mingi.

Anza kwa kuuliza kama ni pia kweli. Katika Bahari ya Hindi kuna konokono anayeitwa Conomurex decorus ambaye kwa mtazamo wa haraka ungemwita Conus bila kusita. Geuza kombe utazame ukingo wa mdomo karibu na ncha iliyochongoka. Ukiona mkunjo kama pengo dogo, pale ambapo huyo mwenyewe hutolea jicho, basi ni wa ukoo wa Strombidae. Konokono-pia hana pengo hilo.

Ukishapita hapo, fuata utaratibu mmoja kwa kila kombe na uandike unachokiona kabla hujafungua kitabu. Urefu wote. Upana kwenye bega. Kilele, yaani mizunguko iliyo juu ya bega: kimeinuka au kimelala bapa? Bega lina vinundu au ni laini? Mdomo una upana uleule mwanzo hadi mwisho, au unapanuka? Ndani ya mdomo kuna rangi gani? Ncha ya chini ina doa? Rangi na michoro ya nje ije mwisho. Watu wengi huanza na michoro kwa sababu ndiyo inayovutia, na hapo ndipo hupotea, kwani michoro ndiyo inayobadilika zaidi ndani ya spishi moja.

Mifano miwili itaonyesha njia hii inavyofanya kazi ikifanya kazi vizuri. Conus litteratus na Conus leopardus wote ni wakubwa, wazito, weupe wenye madoa meusi yaliyopangwa kwa safu, na wote wapo Afrika Mashariki. Ukitazama madoa tu utazunguka siku nzima. Tazama ncha ya chini: litteratus amepakwa weusi wa zambarau, leopardus ni mweupe hadi mwisho. Litteratus pia huwa na mikanda ya rangi ya machungwa ambayo mwenzake hana. Jozi ya pili ni Conus lividus na Conus flavidus, wote rangi ya udongo au zeituni na zambarau kwenye ncha. Pitisha kidole begani. Lividus ana vinundu, flavidus ni laini. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kufanya hivyo, na jibu lake likawa sahihi.

Mdomo nao husema mengi. Geographus ana kombe jepesi na mdomo uliopanuka kuelekea ncha, tofauti na mwanya mwembamba wa wengi wa jenasi hii. Yeye hula samaki wazima. Wengi wa jenasi hii hula minyoo ya baharini, wengine hula konokono wenzao.

Sasa pale inapoteleza. Kombe lililosuguliwa na mawimbi hupoteza rangi, na vinundu vyake hulainika hadi lividus akaonekana flavidus. Lililong'arishwa na mchuuzi ni hivyohivyo. Lile lililotoka baharini na ngozi yake ya kahawia bado juu huficha michoro yote. Konokono mchanga hafanani sana na mkubwa wake. Halafu kuna wale wenye michoro ya mahema madogo: Conus textile anajulikana sana, lakini Conus pennaceus na Conus canonicus nao wana mahema, nao wako katika bahari hiihii. Hapo utahitaji makombe kadhaa ya kulinganisha, na kitabu kimoja hakitoshi.

Zaidi ya hayo kuna spishi ambazo kombe haliwezi kuzitenganisha hata likiwa jipya. Nitamfikia mmoja wao kwenye sehemu ya jino.

Inamfaa nani? Mwenye kombe tupu, mwenye darasa, mwenye muda. Pia inamfaa yeyote atakayetumia njia nyingine yoyote kati ya hizi, kwa sababu zote tatu hudai uwe umeshalisoma kombe.

Njia ya pili: picha na programu ya simu

Hapa nazungumzia iNaturalist na nyingine za aina yake, ambapo unapakia picha, kompyuta inapendekeza jina, kisha watu wanaojua wanakubali au wanapinga.

Inataka simu yenye kamera nzuri, bando, na kombe katika hali ambayo rangi bado inaonekana. Piga picha nne angalau: upande wa mdomo, upande wa mgongo, kilele kutoka juu, na ncha ya chini kwa karibu, rula ikiwa kando. Picha moja ya mgongo, ambayo ndiyo watu wengi hutuma, humpa mtaalamu michoro peke yake, na tumeshasema michoro ina vigeugeu.

Jibu linalotoka huwa zuri kwa spishi za kawaida zenye sura yake. Textile, geographus na litteratus hupata jina haraka. Kwa zile za rangi ya udongo, pendekezo la kompyuta lichukulie kama mahali pa kuanzia kusoma. Faida yake kubwa ni wale watu: mtaalamu aliye Ufaransa au Afrika Kusini anaweza kukuandikia ni kitu gani kimemfanya akatae jina lako, na mafunzo hayo ni ya bure.

Inavyoteleza kwetu huku bara ina sura yake. Simu yako inaandika mahali picha ilipopigwa, na programu hutumia mahali kupima pendekezo. Ukipiga picha ukiwa Milimani, Kisumu, programu inadhani umeokota kombe kando ya ziwa. Matokeo yake hupotoka, na mbaya zaidi unaacha alama kwenye ramani inayoonyesha konokono wa bahari yupo Kisumu. Badilisha mahali kwa mkono, uandike pale kombe lilipookotwa. Kama hujui lilipookotwa, usibahatishe; lichapishe kama picha ya kuomba msaada kwa mtu unayemfahamu, si kama kumbukumbu ya spishi kuishi mahali fulani.

Inamfaa anayeanza, mwenye kilabu cha sayansi, na mwenye makombe mengi anayetaka kuyatenga kwa makundi haraka. Haimfai anayeandika tasnifu akategemea hiyo peke yake.

Njia ya tatu: jino

Konokono wengi wana ulimi wenye safu za meno ya kukwangua. Konokono-pia hana safu. Ana mfuko wenye meno yaliyotengana, kila moja limejikunja kama bomba, na kwa kawaida kila jino hutumiwa mara moja tu. Umbo la jino hufuata chakula. Wale wanaokula samaki huwa na miiba ya kurudi nyuma inayomshika samaki asichomoke, na wengine wana maumbo yao kulingana na minyoo au konokono wanaowawinda. Kwa hiyo jino linakwambia kitu ambacho kombe halikwambii: huyu alikuwa anaishi vipi.

Inataka mnyama, au angalau mabaki yake makavu ndani ya kombe. Unatoa nyama, unaiyeyusha kwa alkali kali ya maabara kama potasiamu haidroksaidi, meno yanabaki kwa sababu hayayeyuki humo, unayaosha, unayaweka kwenye kioo na kuyatazama. Hadubini ya kawaida ya shule ya upili inatosha, maana meno mengi huonekana vizuri hata bila kukuzwa sana. Kemikali yenyewe huchoma ngozi na macho, kwa hiyo ni kazi ya mwalimu au fundi wa maabara mwenye glavu na miwani. Wanafunzi watazame kioo kikishakuwa tayari.

Mfano unaonishawishi kwamba njia hii haijapitwa na wakati ni wa Conus ebraeus, yule mweupe mwenye vibao vyeusi vya mraba, anayepatikana kwa wingi kwenye miamba ya pwani. Mwaka 1895 daktari wa Denmark, Rudolph Bergh, aliona jino lisilofanana na la ebraeus, akampa mwenye jino hilo jina Conus judaeus. Kwa kuwa kombe lilikuwa lilelile, hakupata wengi wa kumsikiliza. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 2008, Thomas Duda na wenzake walisoma DNA za konokono waliodhaniwa wote ni ebraeus wakakuta ndani yake kuna ukoo mwingine uliojitenga, na jino lake ni lile la Bergh. Kombe lilikuwa limewaficha, jino lilikuwa limeshasema.

Huteleza wapi? Kwanza, ni wachache wenye picha za meno za kulinganisha. Vitabu vingi vya makombe havina. Pili, jino la konokono mchanga linaweza kutofautiana na la mkubwa. Tatu, unapoteza nyama, kwa hiyo kama unafikiria DNA baadaye, kata kipande uhifadhi kabla hujaanza kuyeyusha. Jibu lenyewe mara nyingi hukufikisha kwenye kundi, na wakati mwingine kwenye spishi, hasa ukiliunganisha na kombe.

Inamfaa mwanafunzi wa chuo mwenye sampuli iliyohifadhiwa na msimamizi mwenye subira. Kwa mradi mdogo wa shahada ya kwanza naipenda kuliko DNA, kwa sababu mwanafunzi anaifanya yeye mwenyewe mwanzo hadi mwisho.

Njia ya nne: DNA

Inataka nyama iliyohifadhiwa kwenye ethanoli kali, asilimia 95 hivi. Formalini huharibu, na sampuli nyingi za zamani vyuoni zimo ndani ya formalini, jambo ambalo watu hugundua wakiwa wameshaandika pendekezo la utafiti. Mabaki makavu yanaweza kutoa DNA au yasitoe.

Kinachosomwa kwa kawaida ni kipande cha jeni ya mitokondria iitwayo COI, herufi 658, ambacho hulinganishwa na hazina za kimataifa kama GenBank na BOLD. PCR yenyewe, yaani mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kiweze kusomwa, si jambo geni huku. Watafiti wa KEMRI pale Kisian wanaitumia kwa malaria. Lakini maabara inayosoma vimelea haina sababu ya kuacha kazi yake isome konokono wa Malindi, kwa hiyo utahitaji ushirikiano na chuo au taasisi yenye mradi unaohusu wanyama wa baharini.

Jibu ni kali pale ambapo hazina ina spishi hiyo. Inatenganisha judaeus na ebraeus bila ubishi, na inamtambua konokono mchanga au kipande cha nyama kisicho na kombe. Wanaochunguza sumu wanaihitaji zaidi ya wote, kwani kila spishi ina mchanganyiko wake. Dawa ya maumivu makali iitwayo ziconotide, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, ilitokana na sumu ya Conus magus, na mtafiti aliyekosea spishi angekuwa anatafuta kitu kingine kabisa.

Inapoteleza ni kwenye hazina yenyewe. Kompyuta daima hukupa jina la karibu zaidi lililopo, hata kama spishi yako haijawahi kuwekwa humo. Na jina lililoambatishwa na DNA ya zamani liliandikwa na mtu aliyetazama kombe. Alipokosea yeye, na wewe umekosea. Ndiyo maana kombe la sampuli hiyohiyo lazima libaki, lina namba, mahali na tarehe, mtu mwingine aje alitazame. DNA isiyo na kombe la ushahidi ni vigumu kuitetea.

Inamfaa mtafiti, mwanafunzi wa uzamili, na anayeshuku ana kitu kipya. Kwa sanduku la shule, ni mzigo usio na faida.

Ukishajua ni nani, uandike jenasi gani?

Hapa kuna uchaguzi wa pili, mfupi zaidi. Linnaeus alipoanza mwaka 1758 aliwaweka wote ndani ya Conus. Mwaka 2009 wataalamu wawili, Tucker na Tenorio, walipendekeza kuwagawa katika jenasi nyingi sana, na chini ya mpango huo textile akawa Cylinder textile na geographus akawa Gastridium geographus. Miaka michache baadaye Nicolas Puillandre na wenzake, wakitumia DNA, waliwarudisha kwenye matawi makubwa manne, na wengi, wakiwemo hao wa pwani yetu niliowataja, wakabaki Conus. Majina yale mengine yakawa ya jenasi ndogo ndani yake.

Mgawanyo mkubwa una faida kwa mkusanyaji mwenye makabati mengi, kwani jina la jenasi linamwambia mara moja sura na chakula. Mpango wa jenasi chache unafaa shule na makumbusho ya umma, kwa sababu unalingana na vitabu vingi na mtoto akitafuta jina atalipata. Unaweza kuyaweka yote mawili: Conus (Cylinder) textile Linnaeus, 1758. Ukiona jina la mwandishi limewekwa ndani ya mabano, kama kwenye Cylinder textile (Linnaeus, 1758), ujue spishi imehamishwa kutoka jenasi aliyoiweka mwandishi wa kwanza. Mabano hayo si mapambo, usiyaongeze wala kuyaondoa.

Kulingana na hali yako

Una sanduku la shule lisilo na karatasi: soma makombe, tenga kwa makundi, andika jina pale tu alama zinapokubaliana, na kwingine andika "Conus sp.", yaani jenasi inajulikana lakini spishi bado. Kwa yule wa vibao vyeusi andika "kundi la C. ebraeus". Lebo ya namna hiyo ni ya kweli kuliko jina kamili la kubahatisha. Mahali pakiwa hapajulikani, andika hivyo, usijaze "Mombasa" kwa sababu tu ndiko watu huenda.

Una kilabu cha sayansi Nakuru au Bungoma na mnasafiri kwenda pwani: tumieni simu mkiwa hukohuko, kwenye mwamba, bila kuokota wala kugusa. Mahali patajiandika penyewe na konokono atabaki alipo.

Una sampuli ndani ya chupa na hujui iliwekwa kwenye nini: muulize fundi wa maabara kwanza. Ikiwa ni formalini, elekea kwenye jino. Ikiwa ni ethanoli, kata kipande cha mguu ukihifadhi, kisha endelea na jino, na kombe lisivunjwe kama inawezekana.

Unaandika tasnifu na spishi mbili hazitengani kwa kombe: unganisha jino na DNA, na panga kutembelea mikusanyo ya makumbusho ya taifa Nairobi kabla ya kulipia maabara, ulinganishe kombe lako na yale yaliyokwisha kupewa jina.

Una kombe moja zuri sebuleni na unataka tu kujua ni nani: picha nne, rula kando, mahali sahihi. Ukijibiwa kwamba ni geographus, waambie watoto wa nyumbani sura hiyo waikumbuke wakienda Diani likizo, na wasiiokote.